Mizani ya Robo ya Nne

Mfumo unafunguka na rangi ya samawati,
unaniita jina bila shikamoo:
Habari, Mwanakombo. Una malengo matatu hayajajazwa.
(Ndivyo ninavyoutafsiri, kwa mazoea.)

Nje, Winnipeg ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Dirisha la ghorofa ya nne limeota manyoya ya barafu,
na mimi, mkalimani wa simu, soksi mbilimbili miguuni,
naulizwa nitakuwa nani ifikapo Machi.

Lengo liwe mahususi. Lipimike. Liwe na tarehe.
Lianze na kitenzi.
Nimeandika: Kusikiliza.
Mfumo umekataa. Kusikiliza hakuna namba.

Basi nimenakili la mwaka jana:
Kupunguza ukimya ndani ya simu
kutoka sekunde kumi na mbili hadi nane.
Kisanduku kikawa kijani, kikachangamka
kama mtoto aliyeonyeshwa kashata.

Robo iliyopita nilianguka. Grafu inaonyesha wapi:
tarehe tisa Oktoba,
kijiti chekundu kimesimama peke yake.

Mama mmoja wa Uvira, siku hizi wa Brandon.
Muuguzi aliuliza ana watoto wangapi.
Nikauliza: Una watoto wangapi, mama?
Akasema: Unaniuliza wenye nilizaa, ao wenye walibaki?
Nikatafsiri, kila neno mahali pake.
Halafu muuguzi hakusema. Mama hakusema.
Nilisikia birika lake likianza kuchemka,
likazimwa.
Sekunde arobaini na moja.
Sita, akasema. Andika wawili.

Mfumo unauliza: Ungefanya nini tofauti?
Herufi mia mbili na hamsini, zisizidi.

Sisemi kuhesabu ni dhambi.
Nimelelewa na mtu wa hesabu.
Baba mdogo Shekue, karani wa posta, Pangani,
mchana aliuza telegramu kwa neno:
MAMA MGONJWA NJOO, maneno matatu,
akimshauri mteja afute tafadhali
abakiwe na nauli.
Usiku aligonga meza kwa vidole vinane, gumba amezikunja,
akipima mashairi yake: nane, pumzi, nane.
Mstari wa mizani saba aliuita kiwete
lakini hakuufukuza kazi.
Aliulaza. Asubuhi akaurudia.

Malenga, malengo: herufi moja tu imebadilika,
na hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.

Saa nane mchana Marivic anapiga, msimamizi wangu,
sauti ya Manila yenye mafua ya Manitoba,
tupitie namba pamoja.
Anafungua skrini yake nione,
na kwa bahati mbaya ni ukurasa wake, si wangu:
Kupandisha wastani wa timu.
Nyekundu. Nyekundu. Njano.
Chini kabisa, kwenye maelezo, ameandika:
Mwanakombo, 9 Oktoba. Nimesikiliza rekodi mara mbili.
Sina la kumrekebisha.

Anaufunga haraka. Tunajifanya hatukuona.
Anakohoa kidogo.
“Kwa hiyo,” anasema, “nane?”
“Nane,” nasema.

Nabaki na kile kisanduku.
Nakunja gumba, nagonga meza:

Ukimya nao ni neno, wenye wake wasikizi,
Haushikwi kwa mkono, haulipwi kama kazi,
Wawili wa kwenye wino, wanne wa usingizi,
Nami nilihesabu

Hapo umegoma, kwenye saba.
Nauacha ulale.
Nabonyeza tuma. Kiduara kinazunguka, kinazunguka,
halafu maandishi madogo ya kijivu:
Lugha haikutambuliwa. Jibu limehifadhiwa.

Simu inaita. Navaa vipokea sauti.